Normande Hataki Kukumbatiwa Kabla ya Kupasuliwa

Saa mbili asubuhi, Normande Cyr ameketi kwenye kiti cha jikoni, mikono ameikunja kifuani, anajaribu kusimama bila kushika meza. Ananyanyuka nusu, anarudi chini puu! Anatukana kwa Kifaransa cha bibi yake, kisha anajaribu tena.

"Ya kumi na moja hiyo," anasema kwenye simu. "Usinicheke. Wakishanipasua kifua, wiki nane siruhusiwi kujisukuma kwa mikono. Hata kuinuka chooni ni mapaja peke yake. Na mapaja yenyewe ndiyo haya!"

Mwandishi anayeongea naye yuko nje, kwenye veranda yenye theluji, simu sikioni, anamtazama kupitia kioo cha mlango. Ndani hakuingiliki. Karatasi iliyobandikwa mlangoni inasema: HAKUNA KUINGIA. HAKUNA KUKUMBATIANA. PAI WEKA CHINI, NENDA ZAKO.

Normande, mwenye umri wa miaka 58, ni mchambuaji wa viazi. Kwa miaka 39 amesimama kwenye mkanda wa mashine katika ghala la viazi, kaskazini kabisa mwa jimbo la Maine, akitoa vilivyooza na vilivyogeuka kijani. Alikuwa akilipwa dola kumi na saba na nusu kwa saa. Tangu Oktoba hajafika kazini. Vali ya moyo wake imebana, na akipanda ngazi nne tu anaona vimulimuli.

Alhamisi hii atafunguliwa kifua awekewe vali nyingine, katika hospitali iliyo mwendo wa saa tatu na nusu kwa gari. Hiyo ni tarehe ya tatu kupangiwa. Ya kwanza, Novemba, ilifutwa kwa sababu ya meno. Naam, meno! Jino bovu linaweza kupeleka vijidudu kwenye vali mpya, kwa hiyo sharti ling'olewe kwanza. Bima yake inalipia moyo, lakini meno haiyatambui, kana kwamba mdomo ni wa mtu mwingine. Alisubiri wiki saba apate pa kung'olea manne.

Ya pili, Januari, vitanda vilijaa.

"Nilikuwa nimeshafika," anasema. "Nimeshaoga ile sabuni yao mara mbili, njaa inaniuma tangu jana yake. Wakaniambia rudi nyumbani mama, tutakupigia. Rudi nyumbani! Na theluji ile!"

Daktari amemweleza wazi kwamba moyo huo hautafika kiangazi. Na akipata homa au mafua kabla ya Alhamisi, tarehe inafutwa tena.

Hapo ndipo ugomvi wake na mji ulipoanza.

Huku kwetu, mtu akienda kupasuliwa, mji humwandalia karamu ya maharage ya kuoka katika ukumbi wa zimamoto, na fedha zinazopatikana zinamsaidia safari. Mwenye karamu husimama mlangoni, akakumbatiwa na kila anayeingia. Asiposimama, amewadharau watu. Karamu ya Normande ni leo Jumamosi, saa kumi na moja jioni, naye amesema hakanyagi ng'o.

Saa nne, gari jekundu linaegeshwa. Anashuka Rolande, mjane wa Ludger, kaka yake Normande. Ameshika pai ya nyama inayotoa mvuke.

"Wifi, fungua."

"Sifungui. Soma karatasi."

"Nimeisoma. Kwani mimi mgeni?" Anakohoa kwenye kiwiko, mara mbili.

"Umekisikia hicho? Umekisikia hicho kikohozi chako?"

"Baridi tu hii, Normande. Fungua, pai inapoa."

"Weka chini uende!"

"Na jioni watu wakiniuliza? Niwaambie siku hizi umekuwa malkia?"

"Waambie ninaogopa! Waambie sitaki kufa kama Ludger. Wewe wa kulisahau hilo, Rolande? Wewe?"

Rolande anaiweka pai sakafuni na kuondoka bila kuaga.

Ludger alikuwa na ugonjwa huohuo. Miaka mitatu iliyopita alisimama kwenye mlango wa ukumbi na watu zaidi ya mia mbili wakamkumbatia, nusu yao wakipenga kamasi. Siku ya nne akapata homa. Upasuaji ukaahirishwa wiki tatu. Siku ya kumi na sita akaanguka katika banda la trekta, akafa. Kwenye mazishi wote walisema ni mapenzi ya Mungu.

"Mungu hakukohoa," anasema Normande.

Hasira hiyo ndiyo inayomwamsha. Kila saa anavuta pumzi kwenye kifaa cha plastiki mpaka kijipira kipande juu. Anajizoeza kukohoa huku ameubana mto kifuani, ili mshono usije ukamtesa. Ameacha sigara, leo siku ya sabini na moja. Hata kulia amekupangia muda.

"Saa kumi mpaka kumi na nusu. Ikifika nalia mpaka basi. Ikiisha nanawa uso, narudi kwenye mapaja."

Jioni ukumbi umefurika. Maharage yapo, chapati za unga mweusi zipo, minong'ono pia ipo. "Karamu bila mwenyewe!" anasema mzee mmoja. "Kaka yake alisimama pale kama mwanamume."

Simu inalia. Gilman Dubay, mkuu wa zimamoto, anaiweka karibu na kipaza sauti.

"Asanteni, kuleni mshibe," inasema sauti ya Normande. "Mnanipenda, najua. Ludger pia mlimpenda, mkamkumbatia mpaka mkamuua. Sasa mninunie mtakavyo. Nataka kuishi."

 Watu wanatazama sahani. 

Rolande anasimama, kitambaa mdomoni. "Asubuhi ya karamu yake Ludger aliniambia amechoka, anataka kubaki nyumbani," anasema. "Nilimwambia acha kuniaibisha. Mimi ndiye niliyemfunga tai." Kisha anachukua koti lake na kutoka.

Jumapili asubuhi, Normande ana fomu mkononi. Hospitali inataka jina la mtu atakayeamua kwa niaba yake kama hataamka. Nafasi hiyo ilikuwa tupu tangu Novemba. Sasa pameandikwa, kwa wino wa buluu: Rolande Cyr.

Je, amemsamehe?

"Nani kasema?" anafoka. "Nimekasirika kweli. Miaka mitatu namnyamazia, tunapeana pai na salamu, na kumbe anayo hiyo tumboni! Lakini mji mzima, yeye peke yake ndiye aliyesimama akasema, nami nikamsikia kwenye simu. Mtu wa kuniamulia nataka awe anayeweza kusema la kweli likimuuma."

Septemba viazi vitachimbwa, naye amepanga kuwa kwenye mkanda wake. Kabla ya hapo, Rolande akishapona kikohozi, ataitwa jikoni, na mlango ufungwe.

"Mwambie ajiandae," anasema, akiikunja mikono kifuani tayari kusimama tena. "Nina maneno yake ya miaka mitatu. Siwezi kufa Alhamisi na ugomvi wote huu unaningoja."