Chokaa ya Safu ya Mbele

Kila mwaka, kabla ya Ramadhani, baba yangu aliupaka chokaa ukuta wa kibla wa msikiti wa Ijumaa Mutsamudu, na hakuwahi hata siku moja kusali karibu nao. Alikuwa akishuka kutoka Patsy, kijijini kwetu mlimani, kwa miguu tangu asubuhi, anafika kabla ya watu wote, kisha anakwenda kukaa nyuma kabisa, mlangoni, penye viatu. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa popote. Wenye mji, waliojihesabu kizazi cha Waarabu, walirithishana safu zao za mbele. Sisi wa juu, weusi ti, tulioitwa wamatsaha, yaani watu wa porini, tulirithishana mlango.

Mimi nilisoma, nikapata ukarani wa posta Moroni, kisiwa cha pili cha Ngazidja, nikapanga chumba mtaa wa Magoudjou. Ilikuwa miaka ya mamluki, wale wazungu waliokuja kumrudisha rais madarakani kisha wakasahau kuondoka. Mmoja wao, afisa mdogo tu, alisilimu, akaoa, akachinja ng'ombe, na wazee wakamkaribisha safu ya mbele. Kule Ngazidja safu hiyo huipati mpaka ufanye ndoa kubwa, ile harusi ya kulisha mji mzima, na kuna wanaoihangaikia nusu ya umri wao. Yeye ilimchukua miezi mitatu.

Mwenye nyumba wangu, mzee mtaratibu aliyekuwa karani wa forodha pale bandari ya zamani, alimwomba afisa huyo afungue sanduku lake likaguliwe. Afisa alimzaba mzee kofi mbele ya wapagazi, kofia yake aliyoshonewa na mkewe ikatumbukia majini. Ijumaa iliyofuata walisali bega kwa bega. Mzee hakusema kitu. Mimi nilisema.

Nilikusanya vijana wenzangu tukawaendea wazee wa msikiti. Nikawaambia kwamba Mtume katika hotuba yake ya kuaga alikwisha kutufundisha kuwa mweupe hana ubora juu ya mweusi ila kwa uchamungu, na kwamba tunataka maneno hayo yasomwe mimbarini, mzungu akiwa palepale. Wazee waliitikia upesi, upesi mno, nami kwa ujinga wangu nikatoka nimefura kifua.

Yakasomwa. Yakasomwa kwa Kiarabu, kwa sauti tamu, bila tafsiri ya neno hata moja. Mzungu, ambaye Kiarabu chake kiliishia kwenye salamu, alifumba macho akitikisa kichwa kwa raha, na baada ya sala akambusu imamu mkono. Tulipolalamika, wazee walitujibu, "Mlitaka isomwe. Si imesomwa?" Mwenye nyumba wangu hakunisemesha wiki nzima. Aliponisemesha, alisema nimemzabisha kofi la pili.

Likizo ilipofika nilikwenda Patsy na hasira zangu zote. Nilimkuta baba uani akichekecha chokaa.

"Kwezi, baba," nilimwamkia kwa salamu ya kwetu.

"Mbona," aliitikia, bila kuacha chekeche.

Nikamwaga yote: kofi, wazee, hotuba, unafiki wa watu wa dini. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, umefanya vizuri," alisema. "Na hawa wazee wa huku, utawaendea lini?"

Nikasema, na mpaka leo maneno haya yananiwasha ulimi, "Huku ni tofauti, baba."

Haikuwa tofauti. Tofauti ilikuwa kwamba huku nilikuwa nachumbia. Binti alikuwa wa nyumba kubwa ya mjini, na ami yake alikwisha kuniweka chini akaniambia, "Wewe umesoma. Ya huko juu tuyaache hukohuko juu." Nami nilikubali. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Ulipogeukia upande wangu, nilijua kunyamaza vizuri kuliko mzee yeyote wa Moroni.

Baba hakubishana. Ijumaa ile alivaa kanzu yake ya Idi, akatangulia kushuka. Nilipoingia msikitini nilimwona ameketi safu ya mbele, mbele ya ukuta aliokuwa ameupaka kwa miaka mingi kuliko umri wangu. Nilikaa safu ya tatu, kando ya ami yake binti. Mzee mmoja wa mji akaja, akamgusa baba bega kwa upole, ule upole unaouma, akasema, "Fundi, hapa pana mwenyewe."

Baba hakuinuka mara moja. Aligeuka akanitafuta, akaniona. Alikuwa akiningoja mimi, yule mwanawe aliyewakabili wazee wa Moroni kwa ajili ya mtu baki, niseme neno moja tu. Watu wote waligeuka wakifuata macho yake. Mimi nikainamisha kichwa, nikaanza kuvuta tasbihi.

Aliinuka, akapita katikati ya safu, akachukua viatu vyake. Hakusali nyuma wala mbele. Alitoka, akapanda mlima. Tangu siku hiyo hakushuka tena Ijumaa, na Ramadhani ilipokaribia walipotuma mtu kumwita, alisema mikono inamuuma.

Nilioa mwaka huohuo. Nikaha ilifungwa katika msikiti uleule, na bwana harusi huketishwa mbele kabisa, mgongo kwenye ukuta wa kibla, uso kwa watu. Nilitazama mlangoni, penye viatu, muda wote wa khutba. Baba hakuja.

Tulipoinuka, ami yake mke wangu aliona joho langu limechafuka mgongoni, akanipangusa kwa kiganja huku akicheka.

"Chokaa ya zamani hii, inabanduka," alisema. "Ukuta haukupakwa mwaka huu. Itabidi tutafute fundi."

"Itabidi," nikasema.