Chai au Kahawa

Mama wa chai amemhudumia mkurugenzi mkuu miaka sita, na mikono yake anaijua kuliko uso wake: laini kama ya mtoto mchanga, kalamu nzito ikizungushwa vidoleni bila kuandika chochote. Ukimletea karatasi, atakohoa mara mbili, atavua miwani, ataivaa tena, kisha atauliza kwa sauti nene ya kutetemesha vioo, "Wenzangu mnaonaje?" Wenzake wakishaona, naye huona hivyo hivyo. Kila asubuhi mama huingia na mabirika mawili, na kila asubuhi bosi huyatazama kama mtu aliyepotea njia. "Mama, leo ninywe nini?" "Chai, bosi. Kahawa ulisema inakukosesha usingizi." "Naam. Hilo nilishalifikiria."

Juzi bodi ilikaa kumwongezea mshahara kwa mara ya tatu, huku wafagiaji na mama wa chai wakiambiwa wafunge mikanda. Mama alikuwa akigawa vikombe mwenyekiti aliposoma sababu: uwezo wa mkurugenzi wa kufanya maamuzi mazito. Mjumbe mmoja mbishi akadakia, "Kama yapi?" Mkurugenzi akakohoa mara mbili, akavua miwani, akamtupia mama jicho la mtu anayezama. Mama roho ikamwuma. "Chai au kahawa, bosi?" akauliza, kidole chake kikigonga birika la chai.

"Chai!" akanguruma mkurugenzi. "Bila sukari!"

Mwenyekiti akamgeukia yule mbishi. "Umeona mwenyewe? Hata hakusita."