Shemeji ameua giaboksi ya gari letu la mkopo, sasa anataka tule mahari ya baba yangu

Admin, nifichie jina, kwa sababu watu wa kwa mume wangu wanasoma hapa kila siku.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na sita, ninaishi Mugutha, hapa Ruiru, na bado sijamaliza mwaka kwenye ndoa. Mume wangu nitamwita Jimmi. Wacha niseme wazi kwamba nampenda huyu mwanaume mpaka najionea aibu. Akitoka kazini kiwandani Thika huniletea hata kama ni ndizi moja, na ananipa kama amebeba dhahabu. Nikioka keki usiku anakaa na mimi jikoni akipepesuka kwa usingizi, eti nisijisikie mpweke. Kwa hivyo msinishauri nimwache. Shida yangu si yeye. Shida ni ndugu yake mkubwa.

Tulinunua gari dogo lililotumika kwa mkopo wa sacco, ili nipelekee wateja keki Juja na Thika. Keki ndizo zinalipa mkopo. Shemeji ndiye alikuwa mdhamini wetu, na tangu siku aliyotia sahihi, hilo gari likawa lake. Akitaka kwenda mazishi, anakuja kulichukua. Akiwa na ruracio, sherehe ya kupeleka mahari, ya rafiki Murang'a, analijaza kreti za soda mpaka linaburuza tumbo. Analirudisha likiwa na matope na tangi tupu. Nikinung'unika, Jimmi ananishika mkono na kuniambia, "Mpenzi, huyu alitusimamia. Tuvumilie kidogo."

Mara ya mwisho alilirudisha akitabasamu kama mtu aliyetuletea zawadi. "Nimewafanyia service kwa fundi wangu wa Thika," akasema. "Hata oili ya giaboksi nimebadilisha. Mnishukuru." Na mimi mjinga nikamshukuru na kumpikia chapati.

Haikupita wiki mbili gari likaanza kutetemeka likiondoka. Halafu siku moja nikiwa Juja na keki ya harusi kwenye kiti cha nyuma, likanguruma tu na kukataa kusonga. Keki ilifika kwa pikipiki ikiwa imeegemea upande mmoja, na bibi harusi hakunilipa hata shilingi. Fundi wetu wa Ruiru alipofungua giaboksi alituambia kwamba aina hiyo ya gari ina oili yake maalumu, na iliyowekwa ni ile ya kawaida. Giaboksi ni ya kubadilishwa yote. Bei aliyotaja ilinikalisha chini kwenye tairi kuukuu hapo gereji.

Jumapili tukaenda kwa mama mkwe, huko Theta. Nilidhani tunaenda kutafuta haki. Shemeji alikuwa hapo akila mukimo bila wasiwasi. Jimmi alipomweleza, akacheka.

"Hizo ni stori za fundi. Anataka kuwala."

"Wewe mwenyewe ulituambia ulibadilisha oili," nikasema.

"Shemeji, wewe ni mtu wa keki. Umejua giaboksi lini?"

"Nimejua siku uliyoiua."

Mama mkwe akaweka kikombe chini. "Muhiki," akaniita, kama tunavyomwita bibi harusi kwetu, "pole pole. Bibi harusi mgeni haongei hivyo. Huyu ndiye aliwasimamia."

"Alitusimamia, Mami, sijakataa. Lakini gari ameliharibu, na anafaa kulipa."

Shemeji akajifuta mdomo. "Bila jina langu hiyo gari mngeiona tu ikipita. Na mkinisumbua, naenda sacco natoa jina, tuone mtamleta nani. Halafu mnalia pesa na pesa iko. Si kuna ile ya kupeleka kwa mzee?"

Anamaanisha mahari. Tulipofunga ndoa, wazee wetu walikubali kiasi kilichobaki kipelekwe baadaye. Siku yenyewe ni Jumamosi ijayo. Baba ameshaalika ndugu zake, na pombe ya muratina imeshaanza kutengenezwa.

"Hiyo ni ya baba yangu," nikasema.

"Ruracio haiishi, hata watoto wanajua. Lakini giaboksi imeisha. Mzee atangoja."

Nikamwangalia Jimmi wangu. Akatazama chai yake na kusema, "Tutafikiria." Sijawahi kusikia neno likiniuma hivyo.

Tukiwa njiani kurudi nilimuuliza kama hata nusu hawezi kumdai ndugu yake. Akaniambia, "Huwezi kumdai mtu aliyekudhamini. Baba yako ni mpole, ataelewa." Na kabla hatujafika nyumbani, shemeji akamtumia ujumbe: gari likitengenezwa ajulishwe, ana safari ya Nyeri.

Sasa, Tata, dada mdogo wa mama yangu, ni mwanachama wa sacco hiyo hiyo. Ameniambia yuko tayari kuchukua nafasi ya shemeji kama mdhamini. Akiingia, mahari itaenda kwa baba, gari litalala gereji kwanza, nitapeleka keki kwa pikipiki, na shemeji hatakuwa na fimbo ya kututishia. Hapo nitamdai giaboksi yangu mpaka aitapike. Lakini fomu lazima Jimmi atie sahihi, na ameniambia kwa sauti ya chini kwamba nikimletea hiyo karatasi nitakuwa nimemvua nguo mbele ya ndugu yake.

Wa kuniambia "vumilia, ni ndugu ya mume", piteni mbele, hao nimewasikia Theta. Nyinyi wengine niambieni: nimwekee mume wangu hiyo fomu mezani, au nimpigie baba simu nimwambie wageni wasije?