Mwezi Uliolala Chali

Mwanangu, juzi ulinisomea maneno ya mwanafalsafa wako, kwamba jicho halitazami likiwa tupu. Tunachokiona kimepitia kwanza kwenye yale tunayoyaamini. Ukaniuliza kwa unyonge kama basi ukweli upo. Mimi shule niliiachia darasa la saba, huenda sikumwelewa vizuri. Lakini imenirudia jioni moja ya usichana wangu, na tangu asubuhi nacheka peke yangu.

Ilikuwa mwezi ishirini na tisa Ramadhani. Tulikuwa juu ya paa la ploti yetu, hili jumba la wapangaji hapa mtaani Umoja, katikati ya kamba za nguo, tukiutafuta mwezi wa Idi. Chini, mama alikuwa na unga, hajui akande mahamri ya sikukuu au atupikie daku. Mzee Shee, mwadhini wetu, alikuwa nasi, na ndiye angepeleka habari msikitini. Tukikosea, mtaa mzima ungekula mchana wa Ramadhani.

"Ule pale! Wallahi nauona!" rafiki yangu Halima akapiga kelele.

Mimi sikuona kitu.

"We Rukia, hayo macho ulinunua mitumba Gikomba?" akanitania.

Watu wakacheka. Wengine nao wakaanza kuuona. Nusura niseme nami nauona.

Mzee Shee hakumgombeza mtu. "Halima mjukuu wangu, wako umesimama au umelala?"

"Umesimama, babu."

"Kwetu hapa mwezi mchanga hulala chali kama bakuli. Haya, tungoje. Mwezi wa kweli hushuka na umbo lake lile lile."

Tukangoja. Mwezi wa Halima ukatanuka, ukafifia, ukaisha: ulikuwa moshi wa ndege. Halima alicheka kuliko sisi sote. Na nisimwonee; bila kelele zake, nani angeuliza?

"Sasa tafuteni bakuli," mzee akasema, "juu kidogo ya pale jua lilipozama."

Nikauona! Mwembamba kama ukucha. Kisha shaka ikaniingia: je, nauona kwa kuwa nimeambiwa? Bila kusema ni wapi, nikamwomba Halima aonyeshe kwa kidole kwanza. Kidole kikaenda pale pale. Tukautazama ukishuka polepole, bakuli lile lile, mpaka Mzee Shee akaleta takbiri.

Mama Mwende wa chini, mtu wa kanisa kila Jumapili, akapaza sauti: "Nyinyi wa juu! Ni kesho ama si kesho? Sufuria langu kubwa nimeshawaoshea!"

"Ni kesho!" Vigelegele vikashuka ngazi mbele yetu.

Kwa hiyo, mwanangu, usivunjike moyo. Kutazama ukiwa na wazo si kosa; bila bakuli la Mzee Shee ningekuwa bado natazama mpaka leo. Ila wazo lako lipe nafasi ya kushindwa. Liulize swali linaloweza kuliangusha, ungoje, kisha umwite mwenzako atazame kabla hujamwambia unachotaka aone. Likivuka hapo, lishangilie.

Mungu akupe macho yenye subira, na rafiki wa kukucheka, na Idi nyingi juu ya paa hili.