Sehemu ya Mama

Jumapili, baada ya misa, sisi watu wa kambi ya reli tulipitisha beseni uwanjani, tumchangie kijana wetu masomo ya universite. Mama yake alisimama kando bila kutulia, akifunga na kufungua kitenge chake.

Fundi mmoja alitumbukiza noti. “Mutoto wetu akuwe munganga wa opitali, atunze magoti yangu!”

“Apana,” jirani akadakia, “mutoto wetu ataoa kwanza binti yangu.”

Mama akasogea, akatia sarafu.

“Mama,” fundi akamzuia, “ni weye tunasaidia. Unatoa ya nini?”

“Kila muntu anatoa, anapata sehemu ya mutoto. Na miye nataka yangu.”

Tulicheka sote, ila yeye. Treni ya kumpeleka masomoni ingeondoka kesho yake, na wenye mtoto tulikuwa tumeshakuwa wengi.