Jenerali na Mbeleko

Jamani, kazi ya ustawi wa jamii imenionyesha vituko, lakini sijawahi kuona ukumbi mzima ukipigwa na butwaa kwa sababu ya mwanasesere.

Sikieni mkasa huu.

Nilikuwa nafanya utafiti mtaa mmoja: kwa nini wanaohangaika na ndoo ni wanawake, halafu kamati ya maji imejaa wanaume watupu? Mwishoni tukaitisha mkutano watu wachague mwenyekiti mpya wa kamati.

Mkunga wa zahanati akajitokeza. Mwanamke wa shoka yule! Bomba likikauka, yeye ndiye wa kwanza kupiga kelele, na kila mtu alijua anaiweza kazi.

Kikwazo kilikuwa mumewe.

Bwana huyo ni fundi viatu, anashonea barazani kwake. Kifua mbele, sauti ya kupasua spika. Watu wanamwita Jenerali.

"Mke wangu hagombei!" akanguruma. "Akienda vikaoni, mtoto atalelewa na nani? Mimi? Mimi na mtoto wapi na wapi!"

Wanaume wakampigia makofi. Mkunga akainamisha kichwa. Nilimwonea huruma, maana alishaniambia kwamba mumewe akikataa, hasimami.

Sasa, sisi watafiti tuna mchezo wetu wa kuchangamsha mikutano. Wanaume wanaigiza kazi za wanawake, watu wanacheka, kisha wanazungumza. Nikatoa mwanasesere na mbeleko mkobani.

"Shemeji Jenerali, karibu mbele. Mbebe mtoto mgongoni tukuone."

Roho yangu mbaya ilitaka aumbuke kidogo.

Akaja kwa madaha. Nadhani alipanga kumwangusha makusudi, watu wacheke, yaishe.

Lakini mikono haijui unafiki.

Akainama, mwanasesere huyo mgongoni, mbeleko ikapita kwapani, fundo likakazwa kifuani. Kufumba na kufumbua! Kisha akaanza kuyumba taratibu huku akimpigapiga kwa nyuma. "Shii, shii, baba, lala."

Ukumbi mzima ukamkodolea macho.

Naye akashtuka. Jasho likamtoka.

"Ehee!" bibi mmoja akasema. "Huyu si mgeni wa kazi hiyo!"

Mkunga akashindwa kujizuia, akaangua kicheko hadi machozi. "Nisamehe mume wangu, siri imegoma kukaa. Nikiwa zamu, jamani, mnadhani analea nani? Hata nikiwa nyumbani mtoto ananikataa mimi, anamtaka baba yake!"

Akasimama mwenye bucha, rafiki mkubwa wa Jenerali na bingwa wa kejeli mtaani. Nikasema moyoni, kwisha habari yake.

"Fundo umeliweka chini mno," mwenye bucha akasema, tena kwa uchungu wa kweli. "Shingo ya mtoto italala upande. Pandisha!"

Kisha akajiziba mdomo.

"Na wewe umejuaje?" watu wakamrukia.

"Mwacheni," dereva wa lori akajibu kutoka nyuma. "Wa kwangu halali mpaka nimwimbie."

Mama wee! Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Kumbe madume ya mtaa mzima yanalea kwa kujificha, kila mmoja akidhani yuko peke yake, halafu hadharani yanapigiana makofi ya ubabe!

Nikamgeukia Jenerali. "Sasa shemeji, unamkatalia nini mkeo?"

Akamtazama mkewe, sauti ikashuka. "Sikuogopa habari ya mtoto. Niliogopa akiwa mwenyekiti, watu watakuja nyumbani na shida zao za maji, wanikute na nepi mkononi."

"Watakukuta," mkunga akamjibu. "Na watasubiri umalize."

Akapita bila kupingwa. Mkono wa kwanza kwenda juu ulikuwa wa Jenerali. Nilifurahi kama nimechaguliwa mimi.

Siku ile nilijifunza kwamba haki ya mwanamke haizuiwi na watu wabaya tu. Wakati mwingine huzuiwa na mwanaume mwema anayeona aibu kujulikana.

Kaka yangu unayesoma hapa, kama nawe unalea kwa siri, fungua mlango. Mkeo anachelewa kikao.