Seva Ilipofungwa, Bahari Ikichemka

Mama mkubwa, dada yake mama, alitoka Pemba akaolewa kijiji cha pwani cha Tongoni, na tangu nipate akili namjua kwa kilimo cha mwani. Mwaka mmoja joto la maji lilimharibia shamba lote. Matawi yaligeuka meupe, yakadondoka kutoka kwenye kamba yalikofungwa. Mimi nafundisha kompyuta mjini, naishi mtaa wa Mabawa. Nikamwahidi kidude cha kupima joto, ili yeye na wenzake waonywe mapema, wahamishie kamba kwenye maji ya kina.

Tukakifunga kwenye kigingi shambani, kikiwa na laini ya simu ndani. Kila mara kilituma kipimo kwenye seva niliyokodi kwa kampuni moja ya ng'ambo, na joto likizidi, seva iliwatumia wanawake wale ujumbe. Kwa miezi kadhaa nilitembea kifua mbele. Nikisubiri chapati Chumbageni, nafungua simu, naitazama bahari ya Tongoni ikipanda joto na kupoa kwenye mchoro.

Asubuhi moja, katikati ya kiangazi, mchoro ukasimama. Kampuni ilikuwa imeifunga seva yangu kwa kuwa "inashambuliwa". Mtandao wa Tongoni hupotea na kurudi; kidude kilikuwa kikikatika na kujiunga upya mfululizo, na mitambo yao ikadhani ni mhalifu anagonga mlango.

Nikaandika kueleza. Jibu likaja papo hapo: "Tunathamini uvumilivu wako." Nikaandika tena, nikaambatisha picha ya Mama mkubwa amesimama majini kando ya kidude. Jibu lile lile, neno kwa neno. Nikaomba kuzungumza na mtu. Nikafunguliwa ukurasa wa mazungumzo, mtambo ukaniuliza kama tatizo langu limekwisha. Nikajibu halijaisha. Ukanishukuru, ukajifunga. Nilipiga meza kwa ngumi mbele ya wanafunzi wangu.

Nikampigia Mama mkubwa.

"Shikamoo. Msisubiri ujumbe, seva imefungwa."

"Marahaba. Imefungwa na nani?"

"Na wenyewe wanaonikodishia."

"Kwa kosa gani?"

Nilijaribu kumweleza, nikajisikia mjinga. Alikwenda kuwaambia wenzake. Baadhi yao wakahamisha kamba jioni ile ile. Wengine wakakataa: kidude hakijasema kitu, kwa nini wajitese? Mimi ndiye niliyewazoesha kwamba ujumbe usipokuja, maji ni salama.

Seva ilifunguliwa siku kadhaa baadaye, bila maelezo, bila samahani. Nilipofika Tongoni, waliobaki kwenye maji ya kina kifupi walikuwa wameshapoteza mwani wao. Kidude kilikuwa kizima kabisa kwenye kigingi chake. Siku zote zile kilipima na kutuma, na hakuna aliyepokea.

"Sasa utafanyaje?" Mama mkubwa akaniuliza.

"Nitakibadilisha. Joto likizidi, kiwapigie simu ninyi wenyewe moja kwa moja. Seva ibaki ya kunichorea michoro tu."

"Ungefanya hivyo tangu mwanzo."

Nilifanya kazi ile nikiwa nimevimba kwa hasira, maji magotini, bisibisi ikiniponyoka mara kwa mara. Jirani wa Mama mkubwa, aliyepoteza mwani wa kamba zake zote, alikuwa akifunga vipande vipya vya mbegu kambani hatua chache kutoka kwangu. Nilimsalimu. Aliitikia bila kuinua uso.